Kununua Spea za Pikipiki Unapojitengenezea Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya mtu mwenye pikipiki yake na spana zake, ambaye kufungua injini hakumsumbui kama kaunta ya duka la spea inavyomsumbua. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, hasa Kariakoo na Gerezani, na ya pikipiki zilizojaa barabarani kwetu: Boxer, TVS, na zile za Kichina za ukoo wa CG (injini iliyoigwa kutoka Honda CG) kama Sanlg, Toyo na Fekon.

## Kabla ya kwenda dukani

Kwa nini muuzaji anamchangamkia fundi na mimi ananipa mgongo?

Fundi ananunua karibu kila siku, anakuja na orodha na haulizi sana. Wewe unaonekana mara moja kwa miezi, una maswali matano, na unaondoka na gasketi moja. Hilo la kwanza. La pili ni cha juu: maduka mengi humrudishia fundi chochote kwa kila mteja aliyemleta, na mtu anayejitengenezea anaukata mnyororo huo. La tatu ni hofu ya kurudishiwa spea. Muuzaji ameshaletewa pistoni iliyokwaruzwa na mtu aliyeifunga kinyume, akaambiwa "hii ni mbovu, nirudishie hela yangu." Hofu hiyo ina msingi, na ni vizuri uielewe kabla hujakasirika.

Dawa yake ni kwenda ukiwa unajua kitu unachotaka kwa jina, namba na kipimo. Usiende kumwuliza muuzaji pikipiki yako inaumwa nini. Hajaiona, na kazi yake ni kuuza. Ukimwambia "inakosa nguvu mlimani," atakuuzia kabureta, kisha pleti za klachi, kisha bloku.

Nibebe nini?

Beba spea ya zamani, hata kama imevunjika, ikiwa imeoshwa kwa petroli na kufutwa. Muuzaji hataki oili kwenye kaunta yake, na namba zilizochapwa kwenye chuma hazisomeki chini ya uchafu. Beba picha ya sehemu spea ilikotoka, picha ya namba ya injini na picha ya namba ya chesesi. Beba na venia, yaani kipimio cha milimita cha kubana. Ile ya plastiki ya bei ndogo inatosha kwa kazi nyingi za kaunta.

Spea ikiwa haibebeki, mfano fremu au tangi, chukua vipimo ukiwa nyumbani na uviandike kwenye karatasi. Simu huzima chaji wakati mbaya.

Namba ya injini inaniambia nini?

Kwa pikipiki za Kichina inakuambia karibu kila kitu, na ndiyo silaha ambayo wanunuzi wengi hawaitumii. Iko kwenye bloku ya chini ya injini, mara nyingi upande wa kushoto, na huanza na herufi na tarakimu kama 156FMI au 162FMJ. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda: 1. Mbili zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita bila desimali, kwa hiyo 56 au 62. F ni ya kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ni ukubwa: I ni 125, J ni 150, L ni 200.

Sasa angalia maana yake kaunta. Injini ya CG ya 125, ambayo Honda waliitoa mwaka 1976 na viwanda vya China vikaiiga kwa mamilioni, ina silinda ya milimita 56.5. Ya CG 150 ina milimita 62. Mwendo wa pistoni ni ule ule, 49.5, na kwa nje injini hizo mbili zinafanana kiasi kwamba hata fundi mzoefu anaweza kuchanganya. Kibandiko kwenye tangi kinaweza kusema 150 wakati injini iliyofungwa ni 125. Ukisema "nipe pistoni ya Sanlg" unamwachia muuzaji abahatishe. Ukisema "nataka pistoni ya 162FMJ ya fito, standadi," mazungumzo yanabadilika hapo hapo.

Neno "fito" nimelitia kwa makusudi. Injini ya CG inafungua valvu kwa fito mbili ndefu kutoka chini. Zipo nyingine za ukubwa ule ule zenye cheni ya taimingi, ambazo wengi huziita CB. Vifaa vya juu, yaani silinda hedi, bloku na gasketi zake, haviingiliani.

Boxer na TVS je?

Hizo hazitumii mfumo huo. Tegemea jina kamili la modeli na mwaka. Boxer peke yake haitoshi, maana kuna BM 100, BM 125 na BM 150, na kuna matoleo yaliyobadilishwa vifaa vya umeme njiani. TVS HLX 125 na HLX 150 ni hivyo hivyo. Namba ya chesesi yenye tarakimu na herufi 17 ndiyo itakayomsaidia wakala rasmi kukutafutia spea kwenye kompyuta yake. Ukiinakili kwa mkono, kumbuka namba hizo hazitumii kamwe herufi I, O wala Q. Ukiona kitu kama O, ni sifuri.

Spea yenyewe ina namba?

Spea za kampuni huwa nayo kwenye pakiti, na nyingi kwenye chuma pia. Namba za Honda zina mafungu matatu: tarakimu tano za kwanza ni aina ya spea (13101 ni pistoni, 22201 ni pleti ya klachi yenye fefe, yaani utando wa kusuguana), na fungu la kati ni modeli. Ukiuziwa pistoni ya Honda ya standadi iliyo kwenye pakiti isiyoanza na 13101, uliza. Ukikuta pakiti ya zamani ya spea yako popote gereji, usiitupe.

Kuna spea ninazoweza kununua bila kutaja pikipiki kabisa?

Nyingi kuliko watu wanavyodhani, na hapa ndipo unapoweza kulikwepa duka lisilokusikiliza.

Beringi ni mfano mzuri zaidi. Chukua ile ya gurudumu, ifute ukingo kwa kitambaa chenye petroli, kisha mulika tochi ya simu kwa ubavu ili mwanga upite juu ya maandishi. Utaona kitu kama 6301 2RS. 6301 maana yake ni tundu la milimita 12, kipenyo cha nje 37, unene 12, duniani kote, iwe ya pikipiki au ya mashine ya kusaga. 6202 ni 15, 35, 11. 2RS ni mpira pande zote mbili, ZZ ni bati pande zote mbili. Kwa gurudumu linalopita madimbwi chagua mpira. Nenda duka la beringi, taja namba, chagua kiwango unachokimudu, lipa. Mara nyingi utapata bora kuliko iliyokuwa kwenye pakiti yenye jina la pikipiki.

Oili sili nazo zimeandikwa vipimo vitatu: tundu, kipenyo cha nje, unene. Maandishi yakifutika, pima shafti na nyumba yake kwa venia. Usipime mpira uliochakaa, maana umeshatanuka.

Cheni huandikwa 428 au 420 ubavuni mwa pini. Zote mbili zina umbali wa milimita 12.7 kati ya pini na pini, ndiyo maana muuzaji asiye makini anaweza kukupa moja badala ya nyingine, lakini 420 ni nyembamba ndani na haitakaa kwenye sproketi ya 428. Herufi H baada ya namba ni cheni yenye mbavu nene. Hesabu viungo na meno ya sproketi kabla ya kutoka nyumbani.

Tairi husomwa ubavuni: 2.75-17 ni upana na kipenyo cha rimu kwa inchi. Bolti na nati ni suala la kipenyo na uzi, na sampuli mkononi inatosha.

## Kwenye kaunta

Muuzaji anasema "hiyo ndiyo yenyewe, kafunge tu." Nimwamini?

Linganisha pale pale. Weka ya zamani na mpya sambamba juu ya kaunta, pima matundu, hesabu meno, geuza zote mbili upande wa pili. Kwa waya wa klachi pima urefu wa ala ya nje na urefu wa waya unaobaki nje yake, kila kimoja peke yake, kwa sababu waya wenye urefu sawa wa jumla unaweza kukosa nafasi ya kurekebisha. Kwa pleti za klachi hesabu meno ya nje na uzipange juu ya zile za zamani.

Muuzaji anayekunyima dakika mbili za kulinganisha amekupa jibu. Toka taratibu, bila maneno. Duka la tatu kutoka hapo lina spea ile ile.

Hataki kufungua pakiti.

Kwa pakiti iliyobanwa kwa plastiki ana haki ya kusita, maana ikifunguliwa mteja mwingine ataitilia shaka. Mwambie hivi: "Kaka, nikikuta vipimo vinakubali nainunua hapa hapa, hela hii." Weka pesa juu ya kaunta. Wengi hufungua. Akikataa bado, mwombe akuonyeshe nyingine iliyokwisha kufunguliwa, au aandike kwenye risiti kwamba ni ya injini gani. Kwa nini maandishi hayo yana uzito, tazama sehemu ya "Baada ya kununua".

Nataka ringi tu, ananilazimisha ninunue seti nzima.

Inategemea. Kwenye cheni na sproketi yuko sahihi: cheni mpya kwenye meno yaliyolika huchakaa haraka, na sproketi mpya chini ya cheni iliyorefuka nayo huisha upesi. Nunua vyote vitatu pamoja: cheni na sproketi mbili.

Kwenye pistoni na ringi, inategemea silinda. Kama bloku haijalika na pistoni haina michirizi, ringi peke yake ni kazi halali na zinauzwa peke yake. Kama bloku imelika inatakiwa itanuliwe kwa mchonga vyuma, na hapo utahitaji pistoni ya ukubwa unaofuata: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00, namba iliyogongwa juu ya kichwa cha pistoni. Nunua pistoni kwanza, ndipo upeleke bloku. Mchonga vyuma mzuri anapima pistoni uliyoishika na kuchonga kuifuata. Ukimpelekea bloku mikono mitupu atachonga kwa kukisia, na duka linaweza kukosa saizi hiyo.

Kwenye kabureta nitasema wazi: usikubali kuuziwa nzima kwa sababu jeti imeziba au gasketi ya bakuli imechanika. Seti ya kufanyia matengenezo ipo, na maduka yanayosema haipo yana kabureta za kumaliza.

Winga amenishika mkono Kariakoo. Nimfuate?

Winga, yaani dalali wa mtaani anayekupeleka dukani, anaishi kwa tofauti ya bei. Wapo waaminifu wanaojua kila chochoro, na kwa spea adimu wanaokoa muda. Lakini bei utakayoambiwa dukani ukiwa naye ina chake ndani. Kama unajua unachotaka, msalimie, mwambie "nashukuru, kuna mtu ananisubiri," endelea. Usimpe hela akakuletee. Spea ionekane dukani, ilipiwe dukani, risiti itoke dukani.

Nitajuaje bei halali?

Uliza maduka matatu kwa maneno yale yale na daraja lile lile la spea. Usilinganishe bei ya orijino hapa na ya kopi pale. Kwenye pakiti nyingi za spea za India utaona maandishi MRP na namba. Hiyo ni bei ya juu ya rejareja kwa rupia, kwa soko la India. Siyo shilingi, na wala muuzaji wa hapa hafungwi nayo, ila inakusaidia kujua uwiano: spea ambayo MRP yake ni nusu ya nyingine haiwezi kuwa ghali maradufu Kariakoo bila sababu.

Mimi ni mwanamke, wananiuliza "mume wako yuko wapi?"

Linatokea na linaudhi. Jibu lililowasaidia wengi ni kulipita swali na kutaja spea moja kwa moja: "Naomba oili sili ya shafti ya gia, ishirini kwa thelathini na nne kwa saba." Mtu anayetaja vipimo vitatu hahitaji kutambulishwa na mume. Akiendelea na maneno yake, pesa yako itapokewa jirani. Dada, ukipata duka linalokuhudumia kwa heshima, lihifadhi namba yake na uwape wenzako. Maduka hayo yapo, na yanastahili wateja.

Wakala rasmi hataki kuniuzia spea mpaka nilete pikipiki gereji kwake.

Muulize kama ni sharti la spea hiyo au ni la dhamana. Pikipiki mpya iliyo ndani ya dhamana, na hasa injini yake, iache ihudumiwe kwa wakala hadi muda uishe, kwa masharti ya kijitabu ulichopewa siku ya kununua. Ukiifungua mwenyewe unampa sababu ya kukukatalia dai baadaye.

Dhamana ikiisha, mweleze hilo na umpe namba ya chesesi. Akikataa bado, omba akupe namba ya spea tu. Ukiwa na namba hiyo duka lolote linaloagiza litaipata.

## Orijino, kopi na feki

Kopi na feki vina tofauti?

Vina tofauti kubwa. Kopi ni spea ya kiwanda kingine, yenye jina lake lenyewe kwenye pakiti. Inaweza kuwa nzuri au dhaifu, lakini haijakudanganya. Feki imevaa jina la kampuni isiyoitengeneza. Hilo ni kosa kisheria, na hapa Tanzania linashughulikiwa na Tume ya Ushindani kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Angalia uchapaji wa pakiti, kibandiko cha kung'aa kama bado kizima, na kama namba ya pakiti inalingana na ya chuma.

Spea zipi nisitafute rahisi?

Breki, kabla ya yote. Kwenye breki shuu mbovu fefe hushikiliwa na gundi dhaifu. Ikibanduka ndani ya habu ukiwa mwendoni, gurudumu linaweza kujifunga. Kabla ya kulipa, pitisha ukucha kwenye mshono kati ya fefe na chuma pande zote. Ukiona nafasi au gundi iliyomwagika ovyo, rudisha.

Baada ya breki ni tairi, tyubu, beringi za magurudumu na klipu ya cheni. Kuhusu oili: klachi ya pikipiki inaogelea humo humo, kwa hiyo tafuta alama JASO MA kwenye kopo. Muuzaji akikupa oili ya gari yenye sifa ya kuokoa mafuta, klachi inaweza kuanza kuteleza, na utarudi kwake kununua pleti ambazo hazikuwa na kosa.

Saitimira, mpira wa pegi, ganda la taa, hizo nunua kopi bila wasiwasi.

## Baada ya kununua

Spea haikuingia, na ukutani wameandika "bidhaa ikishauzwa hairudishwi".

Rudi siku hiyo hiyo, ikiwa safi, haijagongwa nyundo, na pakiti yake. Hapo una nafasi kubwa ya kubadilishiwa hata pasipo sheria. Usianze kwa "mmenipa spea mbovu." Anza na salamu, weka ya zamani na mpya juu ya kaunta na uonyeshe tofauti, kisha omba kubadilishiwa. Duka litakubali kubadilisha mapema kuliko kutoa hela.

Kibandiko cha ukutani kinamhusu mtu aliyebadili mawazo. Kama uliomba ya 162FMJ na risiti inasema hivyo, na umepewa ya 156FMI, hujabadili mawazo. Hukupewa ulichonunua.

Sheria inanilinda kiasi gani?

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Pia, mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Ndiyo sababu ninasisitiza namba ya injini iandikwe kwenye risiti. Ukitaja jina la kibiashara tu, mfano "nipe plagi ya NGK D8EA," na ukapewa hiyo hiyo, kosa la kutoingia ni lako.

Dai risiti ya mashine ya EFD. Sheria ya kodi inamtaka muuzaji aitoe na inakutaka wewe uidai. Kwako ni ushahidi wa tarehe, duka na kiasi. Duka likikudanganya kuhusu bidhaa na likakataa mazungumzo, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Suala likiwa ubora wa hatari, Shirika la Viwango, TBS. Kwa ringi ya shilingi elfu kumi huenda usiende mbali hivyo, lakini kwa seti ya bloku nenda.

CDI (kisanduku cha umeme kinachowasha cheche ya plagi) haikufanya kazi na hawapokei vifaa vya umeme.

Hili ndilo eneo gumu zaidi, maana kifaa cha umeme kinaweza kuuawa na waya wako mwenyewe, na duka halina njia ya kujua. Kinga iko kabla: usinunue CDI mpaka umekagua plagi, kofia yake, koili, swichi ya kuzimia na soketi zote za waya. Kama unaweza, azima CDI ya rafiki mwenye pikipiki kama yako uijaribu. Maduka mengine hukubali kuipima kwenye pikipiki iliyo nje. Omba hilo kabla hujalipa.

## Hali zisizo za kawaida

Niko mkoani, natumiwa kwa basi.

Tuma picha ya spea ikiwa juu ya rula, pande mbili, pamoja na namba. Kabla ya kulipa mwombe akutumie picha ya spea atakayotuma, siyo ya mtandaoni, ikiwa na kipande cha karatasi chenye jina lako. Lipa kwa lipa namba ya duka badala ya namba binafsi, ili jina la biashara litokee kwenye ujumbe. Kubalianeni mapema nani analipa nauli ya mzigo ikirudi.

Spea ya mtumba ni salama?

Vifuniko, rimu na habu, ndiyo, baada ya kukagua nyufa. Injini nzima ni jambo jingine. Namba yake imo kwenye kadi ya usajili, kwa hiyo mabadiliko yanatakiwa yafike Mamlaka ya Mapato, TRA. Namba ikiwa imesagwa au imegongwa upya, ondoka. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na bei rahisi haitakuwa utetezi.

Niko Kenya, haya yananihusu?

Ya vipimo na kaunta, yote, iwe unanunua Kirinyaga Road, Nairobi, au kwingine. Kisheria rejea kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012, na kwa feki, mamlaka iliyotokana na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008.

Spea haipo kabisa sokoni. Nifanye nini?

Kama ni beringi, sili, bolti au cheni, rudi kwenye swali la spea zisizohitaji jina la pikipiki. Kama ni bushi au ekseli, mchonga vyuma anaweza kuitengeneza kwa sampuli, ila mwambie ni ya sehemu gani ili achague chuma kinachofaa. Kama ni kifuniko cha injini chenye ufa, kuna wachomeleaji wa aluminiamu Gerezani. Kisafishe oili yote kabla ya kukipeleka. Gasketi ya karatasi unaweza kuikata mwenyewe: nunua karatasi ya gasketi ya unene ule ule, ilaze juu ya ukingo wa kifuniko, igonge taratibu kwa kichwa cha nyundo kuzunguka ukingo mpaka umbo lijichore, kisha kata kwa wembe, ukianza na matundu ya bolti.